Rivyuu ya boti yangu ya mtumba Mikindani: nilinunua rangi, mbao nikapewa kama nyongeza

Nianze na maksi kabisa maana najua kuna watu hawafiki mpaka chini. Boti yenyewe naipa 3 kati ya 5. Mashine 2 na nusu, na hiyo nusu ni ya huruma. Muuzaji sifuri. Fundi aliyekuja kuniokoa baadae 5, na ingekuwepo 6 ningempa. Boti ninayo mpaka leo, inaingia baharini na inaleta samaki, kwahiyo msidhani nimekuja kulia, ila nililipa milioni 5 na laki 1 kwa kitu cha milioni 3 na nusu na hiyo tofauti najua kabisa ilipo, iko kwenye rangi.

Mimi nina duka la spea za pikipiki hapa Mtwara mjini, sio mvuvi. Mvuvi ni mdogo wangu, anavua mshipi, changu, kolekole, na kaskazi ikikaa vizuri nguru. Miaka yote alikuwa anapanda vyombo vya watu, na mnajua hesabu za vyombo vya watu zilivyo, samaki wakishauzwa pale Feri inatoka kwanza pesa ya petroli, inatoka ya barafu, halafu chombo kinakula sehemu yake, kinachobaki ndo wanagawana mabaharia. Kuna siku alilala baharini akarudi na elfu 7. Tukakaa na mama tukasema basi tutafute chombo chetu, hata mtumba, hiyo sehemu ya chombo ibaki nyumbani.

Muda tulioingia sokoni tulipatia, hilo nijisifie. Ilikuwa mwezi wa 9. Huku kwetu kila kitu bei yake inaangalia korosho, kuanzia mwezi wa 10 minada ikianza na wakulima wakaanza kulipwa, bodaboda inapanda bei, bati linapanda bei, na boti hivyo hivyo, maana mtu aliyeshika hela ya korosho anataka kununua kitu kinachoonekana. Mwezi wa 9 mifuko mikavu. Muuzaji alianza na milioni 6 na laki 2, tukaenda tukirudi tukafika 5.1. Nikajiona mjanja sana siku hiyo, nikanywa na soda.

Sasa boti ilikuwaje. Mbao, futi 22, imepandishwa nchi kavu chini ya mwembe upande wa Mikindani, ubavu wa bluu, ukingo mweupe, na pembeni imeandikwa SUBIRA kwa herufi nzuri kabisa za mtu anayejua kuandika. Rangi bado inanukia. Yaani ukisogea pua inakwambia hii haijamaliza wiki. Na mimi mtu mzima, mwenye duka, ambaye kila siku naletewa pikipiki zimepuliziwa rangi kuficha fremu iliyopinda, nikasema aisee huyu jamaa anatunza chombo chake. Mpaka leo mdogo wangu ananitania kwa hilo jina, eti kwenye ile boti kila kitu kilikuwepo isipokuwa hicho kilichoandikwa ubavuni, na aliyekikosa ni mimi.

Mashine ilikuwa Yamaha hosipawa 15 ya stroki mbili, ile ya kuchanganya petroli na oili, na kwa kweli hiyo ndo ilinivuta zaidi kwasababu spea zake zinapatikana na kila fundi wa pwani anaijua. Niliikuta imefungwa kwenye pipa la maji pale pale chini ya mwembe. Jamaa akaniambia "njomba, vuta mwenyewe." Nikavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Nikavuta gesi, ikalia vizuri, maji yanarushwa pembeni kama kawaida. Nikazima, nikawasha tena, mara moja. Nikamwangalia mdogo wangu nikamkonyeza.

Kitu ambacho sikufanya ni kuweka mkono kwenye kichwa cha mashine KABLA ya kuvuta. Sekunde mbili tu. Kama ni ya moto au hata vuguvugu ujue imeshawashwa asubuhi ikapigwa piga mpaka ikakubali, ndo ukaitwa. Pikipiki naijua hiyo michezo, mteja akija dukani anasema haisumbui mimi cha kwanza nashika injini. Kwenye boti nikasahau kazi yangu yote, sijui ni upepo wa bahari au nini.

Na lile pipa nalo lina mambo. Kwenye pipa mashine haina mzigo, inazunguka tu kwenye maji baridi dakika tano unaridhika. Mashine ambayo maji ya kuipoza hayazunguki vizuri haichemki dakika tano, inachemka dakika ya kumi na tano ikiwa na watu wanne na boksi la barafu, imeelekea upepo wa kusi. Kwahiyo kama mtu hataki kuishusha majini muende hata nusu saa na watu ndani, hapo hakuna cha kujadili bei, nenda kanywe chai. Mi niliambiwa "maji yametoka mpaka jioni" nikakubali, wakati nilikuwa naweza kurudi jioni, nyumbani kwangu na pale ni safari ya bajaji tu.

Karatasi. Alinitolea bahasha, ndani kuna cheti kimekunjwa mara nne kina nembo ya SUMATRA. Nikaona nembo ya serikali nikatulia. Sasa fikiria, SUMATRA mambo ya vyombo vya majini waliyaacha 2018 ilipoanza TASAC, maana yake hiyo boti ilikuwa inaingia baharini miaka na miaka bila mtu yeyote kuikagua usalama wake. Karatasi ilikuwa inaniambia hivyo waziwazi, kwa maandishi, na mimi nimeishika mkononi. Leseni ya uvuvi ya chombo, ile ya halmashauri inayokatwa kila mwaka, hakuwa nayo, alisema ipo kwa kaka yake.

Tukaandikishana, nikatoa hela, tukaishusha.

Siku ya kwanza ikavuja. Muuzaji alishaniambia mapema, kwamba mbao zimekaa juani zimesinyaa, ikishanywa maji siku mbili tatu itajifunga yenyewe. Na hii sio uongo, chombo cha mbao kikikaa nchi kavu muda mrefu mbao zinajibana na mianya inafunguka, ukikishusha zinavimba zinafunga. Ndo maana ni uongo mzuri sana, kwasababu nusu yake kweli. Siku ya pili mdogo wangu anakumba maji na dumu la lita 5 lililokatwa mdomo, siku ya tatu anakumba, siku ya nne anakumba na amekodi mtoto wa kukumba yeye akiwa anaendesha. Siku ya tano walikuwa nje ya Msangamkuu huko, akavuta gesi mpaka mwisho kuwahi kurudi, akaona mashine inainama mbele inarudi nyuma, inainama inarudi, kama mtu anayesinzia kanisani. Akapunguza gesi wakarudi polepole mpaka giza linaingia. Hakuniambia siku hiyo, aliniambia kesho yake asubuhi akiwa amekaa kwenye benchi la duka hajaingia baharini, na mimi nikajua kuna kitu maana mdogo wangu hakosi bahari hata akiwa na homa.

Hapo ndo nikaambiwa kuna mzee Mikindani anaunda mashua na kutengeneza. Tukaipandisha SUBIRA tukamwita.

Alikuja na nyundo ndogo, kitambaa, na msumari mmoja wa nchi nne umenolewa. Basi. Nikamwamkia shikamoo mzee, akasema marahaba, akazunguka boti mara moja bila kuongea akauliza, "Mwanangu, hii boti masika ilikaa wapi?" Nikamwambia hapo chini ya mwembe. "Ilifunikwa?" Nikasema sijui. Akachungulia ndani akaonyesha chini kabisa kwenye ngama, pale maji yanapokusanyikia, pembeni ya mkuku, ule mti mkubwa wa chini unaoshika boti yote, kuna mstari wa uchafu mweusi na majani ya mwembe yaliyooza yamegandana. Akasema maji ya mvua yalikaa humu. Halafu akanieleza kitu ambacho mi sikuwahi kukiwaza: maji ya chumvi mbao inavumilia, maji ya mvua ndo yanaiozesha, kwahiyo boti iliyolala nchi kavu masika nzima haijafunikwa inaweza kuwa mbovu kuliko ile iliyokuwa inapigwa na mawimbi kila siku. "Baharini inaliwa, nyumbani inaoza," ndo alivyosema. Inaliwa alikuwa anamaanisha yule mdudu anayetoboa mbao, tundu la nje dogo kama la sindano ila ndani kajichimbia njia ndefu, na ndo maana mnaona wavuvi wanapandisha chombo wanawasha makuti chini ya tumbo lake, wengine wanadhani ni mila, wanaua mdudu wale.

Akaanza kugonga. Kuanzia omo, yaani mbele, anagonga kila ubao karibu karibu, ko, ko, ko, anasogea. Mi nimekaa kimya. Alipofika nyuma kabisa karibu na tezi nyundo ikasema pu. Akanipa nyundo nipige mwenyewe. Nikapiga. "Umesikia?" Nimesikia mzee. "Hujasikia, piga kule mbele kwanza ndo upige hapa." Nikapiga mbele, ko. Nikarudi nyuma, pu. Aisee. Ni kama kugonga meza halafu ugonge godoro. Sikio langu la duka lote lile halikuwahi kuisikia hiyo kwasababu sikugonga, niliangalia tu, na macho yanaona rangi.

Kisha akachukua ule msumari, akauweka kwenye ubao wa tezi, ule unaobeba mashine, akausukuma kwa kidole gumba. Hakutumia nyundo. Ukaingia wote.

Tukakwangua rangi hapo. Chini ya rangi ya bluu kuna rangi ya kijani ya zamani, chini yake kuna bodi fila, ile ya kuzibia bodi za magari, imejazwa kwenye pengo kubwa kama upana wa viganja viwili na kwenye matundu manne ya nati za zamani. Nilichoka. Hiyo fila naiuza dukani kwangu, inawezekana kabisa ilitoka kwangu.

Stori ya lile pengo mzee aliisoma kama anasoma gazeti. Boti iliundwa kubeba mashine ya shafti ndefu, inchi 20. Baadae mwenyewe akauza ile mashine akaweka hii ya shafti fupi, inchi 15, propela ikawa juu juu inavuta hewa badala ya maji, akachukua msumeno akakata ubao wa tezi kuishusha mashine. Alivyokata hakuziba ile mikato kwa kitu chochote, mbao ikakatwa ikabaki wazi upande unaokunywa maji, masika ikaingia mvua, mbao ikalainika kama mkate wa mofa uliolowa mchuzi. Ndo maana mashine ilikuwa inasinzia. Mzee akasema ingekuwa siku ya upepo ile mashine ingeng'oka ikaenda chini na ubao wake, na tundu la nyuma likabaki linawaangalia watu wanne.

Kingine alichonionyesha ni misumari. Chini ya rangi mpya kulikuwa na alama kama machozi ya kahawia yanashuka kutoka kwenye vichwa vya misumari, chombo kilipigwa misumari ya kawaida ya kujengea nyumba badala ya ile ya zinki, chumvi ikaila, ikisharundika kutu inaichoma na mbao inayoizunguka. Mbao tatu upande wa kushoto zilikuwa zimeshikiliwa na kalafati (zile pamba za kuzibia mianya) na dua. Ila akagonga mkuku wote, akagonga mataruma, zile mbavu za ndani, moja moja, akasema mifupa mizima. Kwahiyo hiyo ndo 3 yangu kati ya 5 inapotoka, mifupa mizima nyama mbovu.

Ushauri wake kuhusu chombo kilichoko majini, maana sio vyote utavikuta vimepandishwa: nenda siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji yakitoka huku kwetu yanashuka zaidi ya mita tatu na chombo kinakaa kwenye mchanga kilalie ubavu, unaweza ukaingia mpaka chini ya mkuku na una masaa mawili matatu ya kugonga kwa raha zako. Siku za maji mafu, zile ambazo maji hayajai sana wala hayatoki sana, hakikauki vizuri. Na muuzaji anayekwambia njoo siku ya maji mafu saa ya maji kujaa, haya, wewe mwenyewe jaza.

Tuje kwenye mashine. Hii niliifungua mwenyewe kwa aibu. Nyumba ya pampu ya maji imejaa chumvi imeganda, impela yenyewe, ile feni ya raba inayosukuma maji, mabawa mawili hayapo. Yaliyobaki ndo yalikuwa yanarusha maji pembeni (mdogo wangu anaita mkojo wa mashine) vizuri kwenye pipa, ila ukiipa kazi mkojo unapungua unapungua mpaka unakuwa matone. Nikafungua skrubu ya chini ya gia boksi, hii jamani fanyeni kabla ya kulipa, inataka bisibisi tu na dakika moja, oili inatakiwa itoke kama oili. Yangu ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maana yake seli (zile raba za kuzuia maji yasiingie) zimekufa, maji ya bahari yanaogelea humo na gia. Nikachukua geji ya kompresheni, ile ya kupima mgandamizo wa silinda, ambayo iko ukutani dukani kwangu siku zote, imening'inia hapo hapo mbele ya macho yangu mwaka mzima, nikapima silinda zote mbili. Ya juu 110, ya chini 85. Kama silinda mbili zimepishana kwa zaidi ya asilimia 10 au 15 hiyo mashine ina ugonjwa, hii imepishana zaidi ya hapo. Nadhani huko nyuma walikuwa wanabania oili kwenye mchanganyiko. Kipimo ni 50 kwa 1, dumu la lita 20 la petroli linataka oili mili 400, sio kumwagia kwa macho. Kuna watu wanaona kuokoa oili ya elfu kadhaa ni faida.

Namba ya mashine tu ndo ilikuwa sawa, kibati kipo kwenye bano la kufungia na hakijakwaruzwa. Mkikuta kimekwaruzwa au hakipo ondokeni bila kuaga, mashine za boti zinaibiwa sana kwenye mwambao huu na ikija kutambuliwa ipo kwako hakuna atakayesikiliza stori yako ya mwembe.

Sasa kituko cha karatasi. Boti iko juu inatengenezwa, mwezi haujaisha, anakuja mama mmoja mtu mzima na kijana wake, anasalimia vizuri kabisa, anakaa, anapewa maji, anasema "baba, hiki chombo ni cha marehemu baba yetu, na mimi sijauza." Ni dada wa muuzaji. Kumbe mirathi haijagawanywa, kaka mtu kauza peke yake. Na yule mama wala hakuwa na shari, alikuwa anaongea taratibu mpaka mimi ndo nikawa naona aibu. Tulienda kwa mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, na hapo ndo nikajua niliruka mtu wa kwanza kabisa wa kumuuliza, kwasababu mwenyekiti alivyoiona ile boti tu akasema hiyo si ndo ya marehemu mzee fulani, wako watoto wanne wale. Mtu yeyote wa pale mwaloni angenijibu bure. Kaka mtu akaitwa, wakayamaliza wenyewe kwa kumpa dada hela mbele ya wazee, mimi nikaandikiwa mkataba mpya wenye sahihi za wote na muhuri wa mtaa, ndo nikaenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri kubadilisha jina na kukata leseni, na TASAC wakaja kukagua. Tulishanunua laifujaketi nne kabla, usisubiri wakwambie. Muulize pia muuzaji kama boti ni ya kikundi au ya mkopo, siku hizi kuna boti za mikopo, mtu anaweza kukuuzia kitu ambacho bado anadaiwa. Na kama utavulia upande wa Msimbati, kule ni hifadhi ya bahari toka 2000, ina taratibu zake, usijifanye umenunua boti na bahari.

Gharama za kuifufua: ubao wa tezi mpya na kuuimarisha kwa ndani laki 4 na 20, mbao tatu na misumari ya zinki na kalafati laki 3 na 80, mashine impela, gasketi, seli na ringi laki 3 na 10, propela laki 1 na nusu kwasababu raba ya katikati ilikuwa inateleza mashine inalia chombo hakiendi. Jumla milioni 1 laki 2 na 60, ukiacha wiki tano ambazo mdogo wangu alirudi kupanda vyombo vya watu. Na mzee nilimlipa elfu 20 kwa ukaguzi, aliyotaja mwenyewe. Elfu ishirini! Ningeitoa kabla, ningeokoa zaidi ya milioni moja na nusu.

Mwaka huu shemeji yangu alitaka ya faiba huko Lindi, ng'ambo upande wa Kitunda, safari hii tukapanda basi na mzee. Faiba watu wanadhani haiozi. Yenyewe haiozi ila ndani ya tezi kuna mbao imefunikwa, na ndani ya sakafu zingine kuna sponji. Mzee hakuja na msumari safari hii, alitoa shilingi mia mfukoni akawa anagonga nayo, faiba nzima inalia kavu kama sahani, ikiachana na tabaka lake inalia kama boksi la karatasi. Akamwambia shemeji akanyage mguu wa mashine kwa nguvu huku yeye anaangalia ubao wa nyuma, ukacheza kidogo, kama upana wa kucha. Akafungua skrubu moja ya chini, yakatoka maji ya rangi ya chai. Halafu akaomba vijana wanyanyue omo, wakashindwa, vijana sita. Kaangalia tu akasema imekunywa hiyo. Tukarudi Mtwara na hela yetu, kilomita mia na kidogo, shemeji kanuna mpaka Mnazi Mmoja ndo akaanza kucheka. Kapata nyingine baadae, ndogo zaidi, mbaya wa rangi, imepauka mpaka ukiigusa mkono unatoka na unga mweupe. Mzee kaigonga yote akasema chukua. Inapiga kazi mpaka leo.

Kuhusu SUBIRA sasa hivi, nisiwe mnafiki, ni chombo kizuri. Iliundwa na mtu aliyejua, inapasua wimbi la kusi bila kurusha maji ndani, inabeba watu wanne na boksi la barafu na bado ina ukingo wa kutosha juu ya maji. Tezi haitikisiki. Inavuja vikombe viwili kwa siku, mzee anasema chombo cha mbao kisichovuja kabisa kina kitu kinaficha. Mashine bado ina uchovu wake, asubuhi inataka kuvutwa mara nne tano, na petroli inakunywa, ikifika korosho ijayo nitatafuta nyingine, hapana, ikifika KABLA ya korosho. Kama ningerudishwa siku ile chini ya mwembe ningeinunua tena hiyo hiyo, kwa milioni 3 na nusu, na dada mtu akiwa amekaa pembeni.

Namba ya mzee siweki hapa maana simu anapokea mjukuu na mjukuu yuko shule. Nenda Mikindani wanapopandisha mashua, asubuhi kabla jua halijakaza, utamsikia kabla hujamuona.